Kabla hujalipia chumba Kondoa, ulizia maji

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, niliipeleka familia yangu Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo, na safari yote ikaharibikia bafuni. Chumba nilikuwa nimekipata mtandaoni. Picha zilinivutia: kitanda kimetandikwa vizuri, juu yake taulo limekunjwa mfano wa bata, ukutani luninga kubwa. Tukafika Ijumaa jioni, vumbi hadi kwenye kope. Mama yangu akasema hatakula mpaka aoge. Nikafungua bomba, likakoroma, likanyamaza. Mhudumu akaleta ndoo, nayo haikujaa, akasema hiyo ndiyo ya kutufikisha asubuhi. Chumbani tulikuwa watatu, na mume wangu na kijana wetu walikuwa chumba cha pili wakisubiri ndoo yao.

Mama anaelekea miaka sabini. Alilowesha kitambaa, akajifuta uso na miguu, akajifunga kanga, akalala bila neno. Angelalamika ningejisikia nafuu. Mimi ndiye niliyechagua mahali pale, nikalipa nusu ya fedha kwa simu, na katika maswali yote niliyouliza hakuna hata moja lililohusu maji. Niliuliza kama kuna intaneti.

Tangu hapo nimerudi Kondoa mara mbili, na kila likizo ya shule ikikaribia wenzangu kazini hapa Dodoma huniuliza wafikie wapi. Jina la gesti siwapi, maana gesti nzuri ya mwezi wa tano yaweza kukutesa mwezi wa kumi. Huku kwetu katikati ya nchi tuna msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Desemba, hukoma Aprili, basi. Mei na Juni visima bado vina maji na vilima vya Irangi bado vina kijani. Kufika Oktoba kila mtu anagombania kilichobaki, na umeme ukikatika pampu nayo inalala. Kwa hiyo usiulize "mna maji?" kwa sababu jibu lake ni "yapo" mwaka mzima. Uliza maji ya bomba hutoka siku zipi za wiki, wana tangi la ukubwa gani, na mara ya mwisho lilikauka lini.

Hayo maswali muulize anayefanya usafi. Mwenye nyumba mara nyingi anaishi mjini na anajua hesabu za vyumba tu. Dada anayepiga deki ndiye anayebeba ndoo, ndiye anayejua. Safari ya pili nilipiga simu sehemu nne. Tatu za kwanza kila kitu kilikuwa "hamna shida, karibuni." Ya nne akapokea binti mmoja, nikamsalimu, nikamweleza kwamba nina mama mtu mzima, goti linamsumbua. Akanyamaza kidogo.

"Dada, nisikudanganye," akasema. "Maji ya bomba hapa ni Jumanne na Ijumaa. Tangi lipo, linatosha, ila vyumba vya nyuma presha ni ndogo. Mama mpe namba mbili, ni ya mbele, na haina ngazi."

Nikamwomba anitumie video ya bomba la namba mbili. Ikaja jioni ile ile. Unaona mkono wake wenye bangili moja ya plastiki ukifungua koki, chini pana ndoo ya buluu. Maji yakaanza na rangi ya chai, yakarukaruka, kisha yakatulia yakawa meupe, ndoo ikaanza kuvuma. Yale maji ya rangi ya chai angeweza kuyakata, na hakuyakata. Nikamlipa usiku ule.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote humu. Ukipiga simu, tafuta mtu atakayekutajia ubovu wa chumba chake kabla hujafika. Aliyekuambia presha ni ndogo nyuma atakuambia pia kama disko la jirani linapiga hadi saa nane usiku, kama chandarua kina tundu, kama jogoo wa jirani anaanza saa kumi. Kila gesti ina kasoro yake. Ukiijua mapema utachagua unayoweza kuvumilia.

La pili ni kulala karibu na unachokwenda kukiona. Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160 za lami, na wengi hudhani watakwenda asubuhi na kurudi jioni. Fanya hesabu. Ukiondoka saa kumi na mbili, Kondoa unafika saa tatu ukiwa hujasimama kunywa chai. Kolo iko mbele zaidi, barabara ya kwenda Babati. Pale unaanzia ofisi ya michoro, unajiandikisha, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Ndipo unaacha lami, unavuka mchanga wa mtoni, mwisho unapanda mlima kwa miguu. Saa sita utakuwa katikati ya mwinuko, jua la utosi, na watoto wanauliza soda. Sisi tuliolala Kondoa mjini tulianza kupanda saa mbili na nusu, kuna kaubaridi, na mama alipumzika kila alipotaka kwa sababu hakuna aliyekuwa akitazama saa.

Gari nalo liwe la juu, lenye nguvu. Mvua ikinyesha ule mto wa mchanga unakuwa mto kweli, kwa hiyo kati ya Desemba na Aprili mpigie mwongozaji kwanza, usiende kwa kubahatisha. Ukitoka Dar es Salaam bila gari, treni ya SGR itakufikisha Dodoma, halafu unachukua basi la Kondoa, na gari la kupandia mlimani unakodi huko huko. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja.

Na michoro yenyewe? Nenda uione. Ni ya rangi nyekundu ya udongo, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, pofu, imechorwa chini ya vibanda vya mawe vinavyoning'inia kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Iko pia ya rangi nyeupe, ambayo ni ya baadaye. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mtaalamu wa mambo ya kale Mary Leakey aliwahi kukaa huku mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja. Mwongozaji alitueleza kwamba wenyeji bado wanakwenda kwenye baadhi ya mapango kuomba mvua na uponyaji. Mama alipoyasikia hayo akavua viatu, akakaa juu ya jiwe, akabaki pale karibu saa nzima. Tafadhali, usiguse michoro kwa mkono, wala usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Imedumu maelfu ya miaka, na mafuta ya vidole vyetu yanaiharibu.

Ukishuka, waonyeshe watoto makorongo mekundu ya njiani. Udongo wa Kondoa ulimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Miti unayoiona kwenye vile vilima ina historia ya watu waliosalimisha ng'ombe wao, na mimi sipendi mgeni apite pale bila kuijua.

Mambo madogo madogo: Juni na Julai usiku ni baridi na upepo hauchezi, beba sweta na blanketi moja la ziada. Chandarua kikunjue mchana kungali na mwanga ukitafute tundu, maana malaria ipo. Beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha Mtanzania ni nafuu sana kuliko cha mgeni. Fedha taslimu toa Kondoa mjini, Kolo usitegemee. Warangi, wenyeji wa Kondoa, wengi ni Waislamu, hivyo mwezi wa Ramadhani mama ntilie wengi hufunga mchana. Panga chakula cha watoto na cha mgonjwa mapema, na jioni ukikaribishwa futari usikatae.

Mwezi wa sita tunarudi, mara hii na dada yangu na wanawe. Juzi nimempigia yule binti. Akacheka kusikia sauti yangu, akamuulizia mama na goti lake, kisha akasema, "Dada, namba mbili ipo, ila koki ya bafuni inavuja, fundi kaahidi Jumatano." Nimemwambia aiandike kwa jina la mama, na Alhamisi nitapiga tena kumuuliza kama fundi alikuja.