Mvua ya mawe: tazama ukuta kabla ya bati

Nyumba yetu ni ya matofali mabichi na bati. Mawe yakianza usiku, tuingie uvunguni mwa kitanda? (Mama wa watoto wanne, Kahama)

Mama, kitanda kitawakinga na barafu inayotoboa bati, lakini ukuta ukianguka hakitoshi. Machi 2015, hukohuko Kahama, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata usiku na kuua watu zaidi ya 35. Wengi waliangukiwa na kuta za nyumba zao. Tofali bichi likilowa kwenye msingi hulegea, na barafu iliyorundikana kando ya nyumba huendelea kulilowesha hata mvua ikishakatika.

Kwa hiyo anzeni kiangazi. Chimbeni mfereji wa kuondoa maji, paa litokeze nje ya ukuta, nyufa zizibwe. Kisha nenda leo kwa jirani mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma na saruji, mkubaliane kwamba wingu zito likijijenga jioni watoto watalala kwake. Usione haya, Mama. Hakuna jirani mwema atakayekukatalia. Mvua ikiwakuta ndani, kaeni mbali na madirisha na ukuta unaopigwa na upepo. Ukuta ukianza kupinda, tokeni mara moja, kila mmoja akiwa na beseni au ndoo kichwani.

Tuko karibu na ikweta. Barafu inatoka wapi? (Mchuma chai, Nandi Hills)

Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima yenu kila alasiri na kuinuka kwa nguvu. Matone hubebwa juu kwenye baridi kali, huganda, huvikwa tabaka juu ya tabaka, mpaka hewa ishindwe kuyabeba. Kwa kuwa ninyi mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hayapati muda wa kuyeyuka. Ndiyo maana Nandi Hills na Kericho huhesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Ngurumo ikisikika, acha kuchuma, jifunike kichwa kwa kikapu, nenda kwenye jengo imara.

Nikiwa njiani? (Bodaboda, Kisii)

Ingia dukani au kwenye gari lililofungwa vioo. Chini ya mti, hapana.

Ni kweli nguo nyekundu na kioo huvuta radi? (Mwalimu, Bukoba)

Si kweli, Mwalimu, na imani hiyo inanisikitisha kwa sababu watu hufunika vioo kisha wakabaki uwanjani. Agosti 2020, huko Arua, Uganda, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda cha nyasi kujikinga na mvua; radi ikaua 10. Kibanda huzuia maji tu. Wafundishe wanafunzi kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, wote waingie darasani, na wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa na radi anaweza kuniunguza nikimgusa? (Kijana, Mbeya)

Hapana, mwanangu, mwilini mwake hamna umeme. Kama mvua bado inanguruma, mvuteni kwanza mahali salama. Asipopumua, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzako akiita msaada. Usiache mpaka apumue au mhudumu wa afya afike.