Wadogo zangu mnaosaka kazi Dar, hivi ndivyo simu za waajiri zinavyoingia huku kwetu

Nafanya kazi kwenye wakala wa ajira hapa Dar, kazi yangu ni kupokea simu ya mwajiri anayetaka mtu alafu namtafutia, kwahiyo soko la ajira naliona upande ambao wewe unayetuma CV huuoni, na inaniuma sana kuona vijana wenye uwezo kabisa wamekaa nyumbani kwa sababu ya vitu ambavyo vingerekebishika ndani ya wiki moja.

Kwanza mjue nafasi nyingi tunazopewa hazitangazwi popote. Simu inaingia Alhamisi jioni, mwenye kiwanda kule Mkuranga anasema stokipa wangu, yani mtunza stoo, kaacha kazi ghafla, Jumatatu saa mbili asubuhi nataka mtu getini, awe anajua Excel na awe tayari kuishi huku huku. Basi, maelezo yameisha hapo. Muda wa kutangaza haupo, tunafungua CV tulizonazo tunaanza kupiga. Wa kwanza hapatikani. Wa pili anapokea mtu mwingine anasema hii laini nimeinunua juzi. Wa tatu anapokea vizuri tu ila anauliza "kazi gani hiyo, niliaplai nyingi sikumbuki". Wa nne anasikiliza mpaka mwisho, anauliza mshahara, anauliza anaripoti kwa nani, anasema nitumie lokesheni. Huyo ndo anaenda, na GPA yake mara nyingi hata mwajiri hajaiuliza. Sasa wewe ukibadilisha namba tuma CV upya kila ulipowahi kuituma, na weka namba ya pili ya mtu wa nyumbani ambaye anajua kabisa kwamba unatafuta kazi, sio apokee aseme sijui alipo.

Pili ni suala la wapi kazi zilipo. Wengi mnataka uafisa, benki au NGO, tena iwe Posta au Masaki, na nafasi ikitokea huko tunapokea maombi mpaka tunashindwa kuyasoma yote. Ila simu zetu nyingi zinatoka viwandani, barabara ya Nyerere kuelekea Pugu, Chang'ombe, Mkuranga, Kibaha, siku hizi na Kwala, na nyingine migodini Geita na Kahama. Wanaotakiwa ni fundi umeme wa viwandani, fundi wa boila, msimamizi wa zamu, dereva wa lori mwenye leseni inayoeleweka, mtu wa mauzo wa kuzunguka madukani, mhasibu anayeweza kufunga hesabu za mwezi na kuandaa ritani za VAT (taarifa za kodi ya ongezeko la thamani) mwenyewe. Fundi aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA akakaa kiwandani miaka kadhaa sisi mawakala tunamgombania, huyo hakai mtaani hata kidogo. Na wewe mwenye digrii ya biashara usidharau mauzo ya kutembea, makampuni ya bidhaa wanapotafuta msimamizi wa eneo wanamchukua aliyezijua njia na wenye maduka, hawamchukui aliyesoma masoko darasani tu. Serikalini nako aplai, akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni, fungua leo na taarifa zako ziweke sawa, ila usikae kuisubiri hiyo peke yake maana mchakato wake unachukua muda na waombaji ni wengi mno.

Kuhusu intavyuu, watu wanajiandaa na maswali ya "tueleze kuhusu wewe" wakati waajiri wengi siku hizi wanakuwekea kazi mezani. Mfano huo wa stokipa, unapewa laptop ina faili la stoo, bidhaa zimeingia kiasi hiki, zimetoka kiasi hiki, na pembeni kuna karatasi ya waliyohesabu kwa mkono, unaambiwa tafuta ni wapi hesabu hazilingani. Hapo ndo utaona mtu ameandika kwenye CV "Excel: bora sana" anaanza kujumlisha kwa kikokotoo cha simu, mwingine anafuta data ya watu. Yaani kama ukijua kujumlisha kwa fomula, kuchuja data na kuoanisha orodha mbili vizuri, umeshawaacha wengi sana nyuma, na hivyo vitu vitatu unajifunza kwenye simu yako au laptop ya rafiki bila kulipa kozi. Usiandike kwenye CV kitu ambacho ukiwekewa mezani sasa hivi huwezi kukifanya.

Kinachonisikitisha kuliko vyote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha form four Mohammed, kitambulisho cha taifa cha NIDA Muhamed, chuo wamemtoa jina la kati kabisa. Mtu kafaulu intavyuu, mwajiri kampenda, tunafika kwenye kuingiza taarifa za NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na TIN (namba ya mlipakodi) mambo yanakwama, mwajiri anasubiri siku mbili tatu alafu anasema nipe yule wa pili. Kaa chini leo panga karatasi zako zote kitandani, soma jina herufi kwa herufi na tarehe ya kuzaliwa, kama kuna tofauti nenda kwa wakili ukafanye kiapo cha majina na uanze kurekebisha NIDA mapema, maana hilo ndo linalochelewa zaidi.

Hela usimpe mtu. Sisi tunalipwa na mwajiri, na wakala halali anasajiliwa kwa Kamishna wa Kazi, muombe akuonyeshe. Ukiambiwa hela ya fomu, hela ya kupima afya itumwe kwenye namba binafsi, hela ya kuhifadhi nafasi, kata simu.

Mshahara sasa, hapa watu wanaumia kwa kutojua hesabu. Ukiambiwa laki saba usipangie laki saba. Toa NSSF 10%, yani 70,000. Inabaki 630,000, hiyo ndo inakatwa PAYE, yani kodi ya mshahara, 270,000 ya kwanza haina kodi, inayofuata mpaka 520,000 ni 8% ambayo ni 20,000, na 110,000 iliyobaki ni 20% ambayo ni 22,000, jumla 42,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo wanachukua 15% ya mshahara wa msingi, 105,000. Mkononi unapokea 483,000. Sasa piga nauli na chumba cha Mkuranga ndo utaje kiwango chako, na ukitaja sema kabisa kama ni kabla ya makato au baada, nimeona watu wanakubali kitu wakidhani ni cha mkononi alafu mwezi wa kwanza tu wanaacha kazi kwa hasira.

Na mkataba usome. Angalia mwisho wake ni lini, majaribio ni miezi mingapi (ukiwa chini ya miezi sita kazini sheria ya ajira ya 2004 haikupi ule ulinzi wa kuachishwa bila sababu ya haki), saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, zikizidi ovataimu iandikwe, likizo ya mwaka ni siku 28. Ukipewa leo ukaambiwa saini leo, omba kwa heshima ulale nao usiku mmoja. Waajiri wengi wanakubali, na asiyekubali tupigie sisi tuliokupeleka, tutaongea nae kabla hujasaini.