Kwa walimu wapya wa hisabati: kutoa namba hasi

Katika kupitia madaftari ya madarasa mliyokabidhiwa muhula huu, nimekuta tena −3 − 5 = 8, na safari hii limewekewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu ya mwalimu. Vijana wangu, nisikilizeni kabla hamjafika kwenye milinganyo, kwa maana huko kosa hili hujificha.

1. Msianze na «hasi na hasi ni chanya». Kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya, na mtoto asiyeelezwa mipaka yake huitumia popote aonapo vistari viwili. Nami niliwaimbisha wanafunzi wangu wa kwanza, nikajiona hodari kwa sababu 4 − (−6) walikuwa wakiipata bila kusita. Mtihani wa muhula ulipokuja, karatasi baada ya karatasi ilikuwa na −7 − 2 = 9. Nilimwita binti aliyekuwa akiongoza darasa, nikamtaka anieleze, naye akanijibu kwa adabu zote: «Mwalimu, si ulisema hasi na hasi ni chanya?» Ikanibidi niirudie mada yote kwa mstari wa namba, wakati andalio la somo lilikuwa linanidai mada nyingine, na bado wimbo ule ulikuwa ukiwaponyoka midomoni kila nilipogeukia ubao.

2. Mabano yasiondolewe mapema. Mtoto asome kwanza «nne toa hasi sita», akitofautisha alama ya tendo na alama ya namba.

3. Mfano wa deni ni mkongwe, kwani Brahmagupta wa India aliziita namba hasi madeni tangu mwaka 628, lakini watoto hubisha, tena kwa haki, kwamba aliyesamehewa deni hajapokea hata senti mkononi. Mimi hutumia Ziwa Tanganyika. Uso wake uko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari na kina chake kinafika takribani mita 1,470, hivyo sakafu yake iko kwenye 773 − 1,470, yaani −697. Sasa waulizeni kutoka sakafuni hadi juu ni mita ngapi. Atakayekokotoa 773 − (−697) akapata 76 atagundua mwenyewe, bila ninyi kupaza sauti, kwamba amelikausha ziwa.

4. Sahihisheni hatua, msisahihishe jibu peke yake: −3 − 5 iandikwe −3 + (−5) kwanza, hata kwa wale wanaolalamika kwamba wameshaelewa.