Mchoraji wa dhahania, chapa ndizo zitakazokulipia kodi

Mdogo wetu wa Mafinga ametuandikia: anachora sanaa dhahania, yaani picha za maumbo na rangi zisizoiga kitu halisi, watu wanasifia, hawanunui. Je, aache? Asiache. Ila picha ya rangi kwenye turubai peke yake haitamtunza. Tuseme turubai ni shilingi 500,000. Mnunuzi wake utamtafuta kwa tochi. Lakini chapa, yaani picha unazochapa kwenye karatasi kwa ubao uliochongwa na kupakwa wino, ukitoa 20 za ubao mmoja, kila moja 50,000, ni milioni moja, na hata mwalimu au muuguzi anaweza kuchukua.

Tena yeye anaishi panapotengenezwa plaiwudi! Omba vipande vya milimita 4 hadi 6, visivyo na mafundo. Paina ina nyuzi laini na nyuzi ngumu. Ukisugua ubao kwa brashi ya waya kufuata nyuzi, zile laini huliwa, ngumu hubaki juu na kushika wino. Kwa dhahania hiyo ni mali ya bure. Ukichonga kukata nyuzi kwa patasi butu, ubao utachanika.

Mashine si lazima. Mgongo wa mwiko wa kupikia unatosha kusugulia karatasi juu ya ubao wenye wino, mradi karatasi iwe nyembamba, gramu 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Ya gramu 300 ukiisugua kwa mkono itaacha mabaka meupe, nawe utalaumu wino.

Rangi nyingi kwa ubao mmoja ndiyo inayowashinda wengi. Chapa rangi hafifu kwenye karatasi zote kwanza, ndipo uchonge tena kwa rangi inayofuata. Kilichochongwa hakirudi, kwa hiyo ukitaka nakala 20 anza na karatasi 26 hivi, maana kila rangi huharibu chache. Pigilia vijiti viwili kwenye kona ya meza, pembe mraba, ili kila karatasi ikae palepale. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi yetu huchelewesha wino wa mafuta. Anika kwa vibanio, hata wiki nzima. Ukiharakisha, rangi ya pili itang'oa ya kwanza.

Tia sahihi kwa penseli chini ya picha: kushoto namba, mfano 3/20 (nakala ya tatu kati ya 20), katikati jina la kazi, kulia jina lako. Hapo hatuna huruma na mtu. Nakala ya 21 ya kichinichini ni wizi kwa watu 20 waliokuamini, na wanunuzi wa Iringa na Mbeya wanajuana. Weka daftari la namba, tarehe, mnunuzi na bei. Zikibaki 5, pandisha bei. Ukishamaliza kuchapa zote, kwaruza ubao kutoka kona hadi kona, chapa karatasi moja ya ushahidi kwamba ubao hautatoa nakala nyingine, uibandike kwenye daftari hilohilo.