Pato linakua, mbona maisha hayapandi?

Umeuliza kwa nini uchumi unaokua asilimia 6 kwa mwaka hauinui maisha ya watu. Anza kwa kutoa kwenye hiyo 6 ongezeko la saa za kazi. Kama saa zimeongezeka asilimia 4, tija ya kila saa (pato linalotoka kwa saa moja ya kazi) imepanda takriban asilimia 2 tu. Kwa kasi hiyo itachukua miaka 35 hivi kufika maradufu. Kwa asilimia 1, miaka 70.

Sasa ichambue hiyo 2. Chukua ongezeko la mtaji (mashine, majengo, vifaa) kwa kila saa ya kazi, zidisha kwa mgawo wa mtaji, yaani sehemu ya pato inayowaendea wenye mtaji (mara nyingi hukadiriwa theluthi moja). Mtaji kwa saa ukikua asilimia 3, umechangia 1; inayobaki ni ya ujuzi, teknolojia na mpangilio bora. Mwanauchumi Robert Solow alipochapisha hesabu ya Marekani ya 1909 hadi 1949, mwaka 1957, baki hilo lilibeba kama sehemu saba kati ya nane za ongezeko la pato kwa saa.

Kosa linaloumiza zaidi ni kutegemea kununua mashine tu. Cherehani ya pili kwa fundi yuleyule haizai nguo maradufu, nayo huchakaa na kudai vipuri. Pia usihukumu kwa mwaka mmoja: mahitaji yakishuka, mashine hukaa bure na tija huonekana imeanguka. Tumia wastani wa miaka 10.