Injini haijizimi tena kwenye foleni? Pima betri kabla ya kununua stata

Mazda Demio au Axela iliyotoka Japani inasimama kwenye taa, injini inajizima, ukiachia breki inawaka yenyewe. Miezi kadhaa baadaye ile taa ya kijani ya i-stop (mfumo huo wa kuzima injini gari likisimama) haionekani tena, au inapepesa rangi ya chungwa, na injini inanguruma foleni nzima. Ukifika gereji, mtu anataja stata, mota ya kuwashia injini. Mwambie asubiri. Kwenye mfumo huu wa Mazda, ulioingia kwenye Axela mwaka 2009, stata haibebi kazi peke yake: petroli hulipuliwa ndani ya silinda kusukuma pistoni, stata inasaidia tu. Betri ndiyo inayoumia.

Ila hakikisha kwanza kwamba kuna ubovu. Kompyuta ina masharti mengi kabla ya kukubali kuzima injini: injini iwe imepata moto, mkanda wa dereva uwe umefungwa, milango na boneti vimefungwa, usukani umenyooka, AC imeshapoza gari, betri ina chaji ya kutosha. Sharti la AC ndilo linalokwamisha wengi. Mchana wa Dar au Mombasa, ukiweka baridi ya mwisho na feni ya mwisho, injini haitazima hata kidogo, na iko sahihi. Weka nyuzi 25, feni namba 2, endesha dakika 15 hadi 20, kisha simama na kukanyaga breki vizuri. Ikizima, rudi nyumbani, gari lako zima.

Boneti nayo ina swichi ndogo kwenye kitasa chake. Gari likigongwa mbele na kunyooshwa, swichi hiyo huachwa bila waya au haikai sawa, na kompyuta inaamini boneti iko wazi siku zote. Dawa ni swichi yenyewe. Usikubali fundi aidanganye kwa kuunganisha waya, maana siku moja injini itajiwasha huku mkono wa mtu uko kwenye mkanda wa oltaneta, ile mashine inayochaji betri.

Sasa multimita, kifaa cha kupima volti. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi fungua boneti, funga milango, subiri dakika 10 ili umeme utulie, ndipo uguse vichwa vya betri. Volti 12.6 kwenda juu, imejaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu, na magari mengi hapo yanaanza kukataa kuzima injini. Volti 12.2 ni nusu. Mtu mwingine awashe gari huku macho yako yako kwenye multimita: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka hata kama gari limewaka. Injini ikishawaka, washa taa kubwa na feni ya AC, tarajia 13.8 hadi 14.7. Ukiona 12.8 taa zikiwa zimezimwa, usiikimbilie oltaneta. Kwenye magari haya kompyuta hupunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta, na oltaneta nyingi nzima zimefunguliwa bure kwa sababu ya kipimo hicho kimoja.

Ukikuta betri ndiyo tatizo, soma lebo yake. Mazda nyingi za petroli zenye i-stop zilitoka na Q-85, betri iliyotengenezwa kwa mfumo huu. Dukani utapewa 55D23L, betri ya kawaida, ambayo inakaa kwenye kiti kilekile, vichwa upande uleule, na gari linawaka vizuri tu. Lakini hiyo imetengenezwa kuwasha gari mara moja asubuhi na kuchajiwa safari nzima. Kwenye foleni ya Ubungo, kila injini inapozima betri inabeba taa, redio na feni peke yake, kisha inawasha tena, mara nyingi kwa safari moja. Sahani zake hupukutika na kuota salfeti mapema, na joto letu linaharakisha. Kwenye betri za i-stop herufi ya mwanzo ndiyo saizi, ikilinganishwa na ya betri za kawaida: M ni B20, N ni B24, Q ni D23, S ni D26, T ni D31. Ikiwa na R mwishoni, vichwa vimegeuka, na waya huenda zisifike.

Kama fedha ya Q-85 haipo, weka ya kawaida na bonyeza kitufe cha i-stop OFF kila unapowasha gari. Si dhambi, mwenye AC muda wote haoni akiba kubwa ya mafuta. Ila kwa BMW na Mercedes zilizotoka na betri ya AGM (asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo), usijaribu. Chaji ya magari hayo inaweza kukausha maji ya betri ya kawaida. BMW pia inataka iambiwe kwa mashine kwamba betri ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama kuukuu.

Ukichaji nje kwa chaja, chukua ampea zisizozidi sehemu ya kumi ya Ah, yaani ukubwa wa betri ulioandikwa kwenye lebo (betri ya 60, ampea 6) na usipite volti 14.8. Klipu nyeusi ibane kwenye boliti ya bodi, usiiweke kwenye kichwa hasi: hapo kuna kisensa kinachohesabu umeme unaoingia, na ukikiruka kompyuta haitajua betri imejazwa. Betri mpya ikiisha ndani ya siku chache, chunguza kifaa cha kufuatilia gari (tracker) kilichofungwa na mtu wa bima, au kamera ya dashibodi. Gari likishalala, umeme unaovutwa kwenye betri usizidi miliampea 50.

Injini ikizima kwenye foleni na wewe ukafungua mkanda au mlango, kwa baadhi ya magari haitajiwasha. Weka P, kanyaga breki, washa kwa kitufe au ufunguo. Watu wamevutwa na breakdown kwa hili tu.

Stata ije mwisho: betri 12.6, haishuki chini ya 11 unapowasha, vichwa na waya wa bodi ni safi, na unasikia "ta" moja tu. Hapo nunua, lakini nenda na ya zamani mkononi, ulinganishe namba iliyogongwa kwenye mwili wake. Stata ya injini hiyohiyo isiyo na mfumo huu inafungika bila shida, ila kaboni zake (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.