Zimwi Likujualo: Tulivyomchukua Kocha Aliyekwisha Kushusha Timu Mbili

Tulikuwa watu watano kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi la mwenyekiti wetu, tumekalia mifuko ya saruji. Juu ya boksi la vigae kulikuwa na karatasi yenye majina mawili. Timu yetu ya ligi ya mkoa ilikuwa imefungwa mechi nne mfululizo, na kocha tulishamtimua asubuhi ile. Jina la kwanza lilikuwa la kocha wetu wa vijana, ambaye kwa kukosa koni alikuwa akifundishia chupa za maji zilizojazwa mchanga. La pili lilikuwa la mzee mmoja mwenye jina kubwa kanda yetu, aliyekuwa ameshusha daraja timu mbili ndani ya miaka minne.

Tulimchukua mzee. Kikao hakikufika hata nusu saa.

Nikiwa kijiweni watu huniuliza: mbona kocha anafeli huku, kesho anapewa mikoba kule? Wengi huamini ni rushwa au kujuana. Hayo yapo, siyakatai. Lakini usiku ule hakuna aliyehongwa hata soda. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Ndugu zangu, tukishuka na huyu kijana, wanachama tutawaambia nini?" Basi, kijana akawa ameshaondoka kwenye karatasi. Tukishuka na mzee, jibu tunalo: tulileta mwenye uzoefu, bahati haikuwa yetu. Tukishuka na kijana, sisi ndio tuliofanya mchezo na timu ya watu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sisi tulikuwa tunatafuta wa kutulinda, hata kama kufunga mabao hajui.

Usidhani hayo ni ya timu za kuchangishana nauli. Desemba 2020, West Brom ya Uingereza walimfukuza Slaven Bilić siku moja baada ya kutoka sare ya 1-1 na Manchester City ugenini. Wakamwita Sam Allardyce, zimamoto anayejulikana nchi nzima kwa kuokoa timu zinazozama. Walishuka. Mei 2023 Leeds nao wakampigia simu huyo huyo zikiwa zimebaki mechi nne. Akavuna pointi moja, wakashuka. Mimi nilipoona Leeds wanamtangaza nilicheka peke yangu, maana niliwaona viongozi wao wamekalia mifuko yao ya saruji.

Kuna na sababu ya kumbukumbu, ambayo ni tamu zaidi. Kocha Mserbia Micho Sredojević aliipeleka Uganda AFCON, yaani fainali za Mataifa ya Afrika, ya 2017, mara yao ya kwanza tangu 1978. Ukimpa mtu furaha aliyoisubiri karibu miaka 40, hakusahau. Mwaka 2021 Zambia waliachana naye baada ya kukosa AFCON, na Uganda wakamrudisha haraka. Safari hii Cranes walikosa fainali za 2023, huku Taifa Stars waliokuwa nao kundi moja wakienda Ivory Coast. Sisemi ni kocha mbaya, hata kidogo. Nasema waliajiri mwaka 2017, na mwaka huo ulikuwa umeshapita.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Mechi ya kwanza tulishinda 2-0. Wachezaji walikula wali kuku kwa mama ntilie kwa gharama ya mwenyekiti, na mimi mwenyewe nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba "mabadiliko yanaonekana". Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mechi saba zilizofuata hatukushinda hata moja.

Nilikuja kuelewa baadaye. Katika zile mechi nne tulizofungwa, mbili tulifungwa kwa penalti za dakika za mwisho. Timu ilikuwa na gundu, na gundu huwa linaisha lenyewe hata usipogusa kitu. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliwahi kupitia ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004. Akalinganisha timu zilizofukuza kocha zikiwa na hali mbaya, na zile zenye hali hiyo hiyo zilizomvumilia wa kwao. Zote zilipanda vilevile. Lakini kocha mpya akiikuta timu inapanda, sifa ni yake, na kwenye wasifu wake inaandikwa "aliokoa timu". Ndivyo wasifu mbovu unavyopakwa rangi.

Ila nikuonye, usikimbilie upande wa pili ukasema aliyefeli asiguswe. Claudio Ranieri alifukuzwa na Ugiriki Novemba 2014 baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe. Mwaka uliofuata Leicester wakamchukua, watu wakawacheka, na Mei 2016 wakabeba ubingwa wa Uingereza. David Moyes alishuka na Sunderland akiwa mkiani 2017, na 2023 akaipa West Ham kombe la Europa Conference League. Rekodi peke yake inadanganya pande zote mbili, kwa sababu imechanganyika na wachezaji aliowakuta, mishahara iliyochelewa na viongozi waliompangia kikosi.

Kwa hiyo ukikalishwa kwenye kamati, kabla ya jina lolote kutajwa, andikeni timu inaumwa nini. Sisi hatukuandika. Beki zetu za pembeni zilikuwa hazina pumzi, na tukaleta mzee ambaye mazoezi yake ni kukimbia mzunguko mara tatu kisha kukaa kivulini kusikiliza hadithi za miaka ya nyuma. Wala msikae kikao siku ile ile mliyofungwa. Laleni kwanza.

Na ukitaka kumjua kocha, usimpigie kiongozi mwenzako. Hili nalisema kwa aibu. Kabla ya kumchukua mzee nilimpigia katibu wa timu aliyotoka, akanijibu, "Kaka, yule ligi hii anaijua hadi vichaka vyake." Tulishuka. Msimu uliofuata katibu wa wilaya ya jirani akanipigia kuniuliza habari za mzee huyo huyo. Nikamwambia ana uzoefu, anaijua ligi. Ningesema nini? Ningesema ukweli, ningekuwa najisema mwenyewe, mimi niliyenyoosha mkono kule stoo. Mpigie mtunza vifaa. Mpigie nahodha aliyekwisha kuhama. Muulize kocha alikuwa anafika mazoezini saa ngapi, na timu ikiwa nyuma kwa bao moja wakati wa mapumziko alikuwa anasema nini chumbani. Hao hawana cheo cha kulinda.

La mwisho ni mkataba. Wetu ulisema tukiachana naye kabla ya muda tunamlipa mishahara ya miezi mitatu, na hakuna kipengele hata kimoja kuhusu kushuka daraja. Wekeni hicho kipengele, na kiandikeni nyinyi, msimwachie yeye aje na karatasi yake kama tulivyofanya sisi. Tulimwondoa tukiwa tumeshashuka na sanduku halina hata nauli ya refa. Mwenyekiti akamalizia deni kwa mifuko 18 ya saruji. Mzee alikuja na kirikuu kuichukua, akatushukuru sana, akasema imemkuta wakati mzuri, anapandisha lenta.